Nyota iko kushoto: kisa cha mweka hazina wa Kibokoni

Kijana alikuja na mamake Jumatatu asubuhi, na kabla mama hajakaa vyema kitini alikuwa ameshasema kilichomleta: barua. Alitaka niandike kwamba mamake hawezi tena kushika simu wala pesa, kwamba kiharusi kimemvuruga akili, ili laini ije mikononi mwake yeye na mambo yaishe. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa amechoka. "Daktari, nimeona kwa macho yangu," alisema. "Aitazama simu, kisha asoma kitu hakipo."

Mama alikuwa akitazama dirisha la kulia. Hakusema neno.

Mimi si daktari, ila nimeacha kubishania jina hilo. Kazi yangu ni tiba kazi, na wengi wanaotumwa kwetu hudhani wamefika kwa watu wa mazoezi, ambao ni mlango wa pili. Mwenzangu wa mlango wa pili atakuuliza mkono unanyanyuka mpaka wapi. Mimi nitakuuliza mkono huo ulikuwa ukiufanyia nini: kukuna nazi, kufunga vifungo, kumwogesha mjukuu. Miaka hii, wazee kwa vijana, nikiwauliza hivyo hawakawii kuitaja simu.

Nitamwita Bi Hazina. Si jina lake, ni cheo chake, na amenipa ruhusa nikisimulie kisa hiki mradi nisimtaje wala nisiitaje nyumba. Ana miaka sitini na kitu. Anakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, katika zile nyumba ambazo ukipiga chafya jirani wa ng'ambo ndiye anayekuombea rehema. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi barazani. Na tangu enzi za daftari na mkoba amekuwa mweka hazina wa mchezo wa wanawake 12: kila wiki kila mmoja hutoa shilingi 1,000, na mwenye zamu hupokea 12,000. M-Pesa ilipokuja mwaka 2007 mkoba ulistaafu polepole, daftari likabaki.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia wa ubongo. Mkono wa kushoto ukalegea, mguu wa kushoto ukawa wa kuburutwa, lakini ulimi ulisalimika kabisa. Hapo ndipo mkasa ulipojificha. Asiyeweza kusema huhurumiwa. Anayezungumza vizuri hudhaniwa mzima, na akikosea hudhaniwa ama mwizi ama mwendawazimu. Bi Hazina alidhaniwa vyote viwili katika wiki moja.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu atoke hospitali. Zamu ilikuwa ya mwenzake mmoja aliyekuwa akingoja pesa hizo kwa karo. Bi Hazina akatuma. Mwenzake akapokea 2,000. Akapiga simu, akaambiwa, "Nshakutumia zote, mama, tazama vizuri." Akatazama vizuri: 2,000. Bi Hazina naye akaangalia salio lake, akasoma shilingi 240, akaapa kwamba kwake hakuna kitu. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imeshazunguka uchochoro mzima kwamba mweka hazina amekula elfu kumi na kusingizia ugonjwa. Akajaribu kuingia tena kwenye akaunti, nambari ya siri ikakataa mara tatu, laini ikafungwa. Mwanawe akampeleka dukani, nambari ikabadilishwa, kijana ndiye aliyeichagua mpya, na alipofungua akakuta salio: 10,240. Pesa hazikuwa zimeondoka hata siku moja. Mchezo ukalipwa, tuhuma ya wizi ikaanguka, ile ya wazimu ikapanda mahali pake. Wenzake wakampa mtu mwingine hazina "mpaka apone", maneno ya upole yasiyo na tarehe.

Nakiri kwamba hata mimi nilianza kwa kufikiria kumbukumbu. Nikamwomba anitajie zamu za mchezo tangu mwaka uanze. Akazitaja zote kwa mpangilio, na nani aliomba kubadilishana na nani na kwa sababu gani, pamoja na sababu ambazo sikuziuliza. Kumbukumbu ile mimi mwenyewe sina. Kisha nikampa karatasi na kalamu achore saa. Duara akachora vizuri. Nambari zote kumi na mbili akazisongamanisha upande wa kulia, kama abiria wa feri wanaokimbilia mlango mmoja. Upande wa kushoto karatasi ikabaki nyeupe, na aliponirudishia hakuona kasoro.

Kitaalamu tunaiita hali ya kupuuza upande. Jina baya, maana hapuuzi mtu. Macho yake yalipimwa, yakawa hayana neno. Ni ubongo ulioacha kuuhesabu upande wa kushoto, na hutokea zaidi pale ubongo unapoumia kulia. Kwake upande huo haukuingia giza. Haupo tu, na kitu kisichokuwepo mtu hakitafuti. Ndiyo maana ukimwambia "angalia vizuri" unampotezea wakati.

Basi nikamwomba atoe simu. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu dakika ni chache na foleni ni ndefu, na kwa sababu fomu zetu hazina mahali pa kuiandikia. Kipimo cha Barthel, tunachokitumia tangu kilipochapishwa mwaka 1965, kina mambo kumi: kula, kuoga, kuvaa, msalani, ngazi na mengineyo. Kinatoa alama mpaka 100, na Bi Hazina angepata alama nzuri tu huku maisha yake yameporomoka. Kile cha Lawton na Brody cha 1969 angalau kinaanza na simu, lakini ni simu ya kupiga na kupokea. Siku hizo simu haikuwa benki, wala ofisi ya serikali, wala baraza la kina mama.

"Nifungulie M-Pesa kama ulivyokuwa ukifungua," nilimwambia.

"Imeharibika, mwanangu. Yanirukia nambari."

"Nionyeshe inavyoruka."

Akaiweka pajani, mkono wa kulia ukaanza kubonyeza. Alitaka *334#. Kidole kikaenda 3, kikaenda 3, kikasita, kikabonyeza #. Kwenye kioo: 33#. Laini ikajibu kwamba ombi si sahihi. Akafanya tena, vilevile. Nikaitazama ile baobonye, ule ubao wa nambari, kama naiona mara ya kwanza. Nyota iko chini kabisa, kushoto. Nne iko kushoto. Moja na saba pia. Mwanamke huyu alikuwa na simu yenye safu mbili za nambari badala ya tatu. Alipotuma 12,000 hakubonyeza 1, kwa kuwa kwake moja haikuwepo pale. Alibonyeza zilizokuwepo: 2, 0, 0, 0.

Kijana akasema kwa sauti ya chini, "Na ile ya SHA." Bima mpya ya afya ilikuwa imeanza Oktoba 2024, na watu wakaambiwa wajiandikishe kwa simu. Mama alikuwa amejaribu jioni nzima. Nambari yenyewe ni *147#. Itazame kwenye simu yako: nyota, moja, nne, saba. Ukiondoa alama ya mwisho, nambari yote imesimama katika safu ya kushoto kutoka chini mpaka juu. Kwa mtu kama Bi Hazina, huo ni mlango uliojengewa ukuta.

Lakini mbona siku nyingine alisoma salio sawasawa? Hilo ndilo lililomfanya mwanawe aamini kwamba mama aigiza. Tulipokaa na jumbe zake za zamani, jibu likatoka kwenye mistari. Kiasi cha pesa kikiangukia katikati ya mstari alikisoma chote. Kikiangukia mwanzo wa mstari, kwenye ukingo wa kushoto, tarakimu za mwanzo zilidondoka na 10,240 ikawa 240. Na kijana, kwa nia njema, alikuwa amemwongezea mama ukubwa wa maandishi. Maandishi yakiwa makubwa mistari huwa mifupi na mingi, na kila mstari mpya huleta ukingo mpya wa kushoto. Ushauri wa kwanza ambao kila mtu huutoa kwa mzee na simu ndio uliokuwa umezidisha tatizo.

La WhatsApp lilinigusa kuliko la pesa. Bi Hazina alikuwa ameniambia, uso mkavu, kwamba wenzake wa mchezo wamemtenga. "Nawaandikia, hawanijibu. Hata salamu." Nikaomba kuona. Wamejibu, wote: "Aamin," "Ahsante bi," "Waaleikum salaam." Majibu mafupi mafupi. WhatsApp huziweka jumbe zako kulia na za wengine kushoto. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiona maneno yake mwenyewe tu yakishuka upande wa kulia, moja chini ya jingine, mtu anayesema peke yake chumbani. Ujumbe wa sauti aliweza kutuma kwa kuwa kitufe cha maikrofoni kiko chini kulia. Kutoka kwenye mazungumzo hakuweza, kwa kuwa mshale wa kurudi uko juu kushoto, basi huizima simu na kuiwasha.

Kijana akaleta hoja yake ya mwisho: akisoma msahafu hakosei. Nikamwomba mama asome. Kiarabu huanza kulia, kwa hiyo kila mstari aliushika kichwa bila taabu. Mkiani, upande wa kushoto, jicho liliacha na moyo ukamalizia, kwa kuwa aya zile anazijua tangu chuo cha Kurani. Nikageuza ukurasa kwa sura asiyoihifadhi, akaanza kukata mistari kabla haijaisha. Kijana akakaa kimya muda mrefu.

Barua niliandika, lakini si ile. Niliandika kwamba mama huyu anaelewa pesa, anakumbuka deni na haki, na kwamba kinachomkosesha ni upande wa kushoto wa kioo, kitu kinachofanyiwa kazi. Niliomba wiki nane. Kijana hakufurahi siku hiyo, nami sikumlaumu. Wiki nane ni nyingi kwa anayepigiwa simu kazini kila mamake anapofungiwa laini.

Tulianza kwa kumuuliza yeye. Tuna kipimo kilichotoka Canada mwaka 1991 ambacho mgonjwa mwenyewe huchagua mambo yanayomkera, akayapa alama kutoka 1 mpaka 10: anavyoyatenda na anavyoridhika nayo. Nadhani ndicho kipimo chenye adabu kuliko vyote tulivyonavyo. Kutuma pesa za mchezo alikupa 2 kwa kutenda na 1 kwa kuridhika. Nilidhani la pili lingekuwa kuvaa au kupika. Akasema: "Nambari yangu ya siri. Nataka iwe yangu."

Kosa langu la kwanza lilikuwa marufaa, kile kiegemeo cha kusomea kitabu. Mkono wa kushoto haukuweza kushika simu, na ikiwekwa pajani ilikuwa ikiteleza, kwa hiyo ilihitaji kuegeshwa juu ya meza. Nilipomtembelea nyumbani nikaona marufaa nzuri ya mbao kwenye rafu, pembe yake sawa kabisa na ninayoitaka. Nikaishika, nikasema tuitumie hii. Alinitazama kama nimepanda kitandani na viatu. "Hiyo ni ya msahafu, mwanangu." Nikairudisha haraka. Seremala wa mtaa akatengeneza kibao kingine kidogo, tukakitandikia kitambaa kibichi chini kisiteleze.

Kibao tukakiweka katikati, kisha ukingo wa kushoto wa simu tukaupaka rangi nyekundu ya kucha ya mjukuu wake. Huo mstari mwekundu ni nanga: hairuhusiwi kusoma wala kubonyeza mpaka jicho limeugusa. Rangi hiyohiyo mjukuu alitaka kumpaka bibi kwenye gumba la kushoto ili lionekane, bibi akakataa kwa sababu ya udhu, wakatumia hina. Gumba hilo likawa linawekwa kando ya mstari mwekundu, na vidole vilivyokuwa vimeanza kurudi vikapewa kazi ya kugonga meza polepole. Mkono wa upande uliosahauliwa ukitingishika upande huohuo, ubongo huwa mwepesi kuukumbuka. Mwanzoni alisahau mara tisa kwa kumi.

Kilichoshika ni Ras Serani. Kuna mbinu ya zamani kidogo katika kazi yetu ya kumwambia mgonjwa ajifanye mnara wa taa, kichwa kizunguke kama mwanga unavyopita baharini, kutoka ukingo mpaka ukingo. Vitabuni huambatana na picha ya mnara wa ughaibuni. Hapa Mombasa sikuhitaji picha. Mtu aliyekulia Mji wa Kale amekwenda kupunga upepo na kula mihogo karibu na mnara wa Ras Serani tangu utotoni. "Kwa hiyo niwe mnara," alisema. "Na meli ni nini?" Nikamwambia meli ni ile moja ya 12,000. Akacheka, mara ya kwanza tangu tufahamiane. Baada ya hapo nikimsikia akinong'ona "meli, meli" najua kichwa kinageuka.

Mengine yalikuwa marekebisho ya kawaida. Maandishi tukayarudisha saizi ya katikati. Badala ya *334#, ambayo hukatika ukichelewa, tulitumia menyu ya M-Pesa iliyo ndani ya laini yenyewe, isiyomharakisha. Mazoezi ya nambari tuliyafanya kwenye baobonye ya kupigia simu bila kupiga. Kikokotoo hakifai, kwa sababu hupanga nambari kinyume, saba juu na moja chini, na ukimzoesha huko unamvuruga huku. Kisha shilingi 10 kwa mjukuu, kiasi kisichotozwa ada, na mjukuu akizirudisha. Nilimfundisha pia kusimama kwenye jina la mpokeaji na kiasi kabla ya kukubali, na namna ya kupeleka ujumbe kwa 456 ili pesa zirudishwe akituma pasipo. Nambari ya siri ya mazoezi ilikuwa ya uongo. Ya kweli sikutaka kuijua, na kila alipoiingiza niligeuka.

Kusomewa kwa sauti na simu, ambako mimi nilikuona suluhisho zuri, alikukataa siku ya kwanza. Simu ilitamka salio lake kwa sauti kubwa, dirisha liko wazi, na uchochoro una masikio. Nikapendekeza kifaa cha sikioni. Akasema atafikiri. Hakufikiri.

Niseme na linaloniudhi. Ukisikia mradi wa kuwaingiza wazee na walemavu katika ulimwengu wa kidijitali, mara nyingi ni hesabu ya simu zilizogawiwa na semina ya siku mbili hotelini. Bi Hazina alikuwa na simu, alikuwa na bando, na kuitumia alijua kabla mimi sijamaliza shule. Katika hesabu ya aina hiyo angewekwa upande wa waliomo. Karatasi nzuri tunazo: kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kiwango cha kitaifa cha ufikikaji wa huduma za kidijitali, KS 2952, cha mwaka 2022, na sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025. Lakini hakuna karatasi inayoketi na mtu kuona kidole kinasita wapi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi, na haihitaji mashine. Inahitaji saa moja, kiti cha pili, na mkubwa wa idara asiyekuuliza kwa nini umemwangalia mgonjwa akicheza na simu. Niliulizwa hivyo, na ziara mbili za nyumbani nilizifanya Jumamosi zangu.

Wiki ya nane alijipa 7 na 8. Tofauti ya alama mbili kwenye kipimo hicho huhesabiwa kuwa ya maana, kwa hiyo makaratasi yalipendeza. Sehemu ya nafuu ingekuja yenyewe, maana hali hii mara nyingi hupungua katika miezi ya mwanzo, na sitajidai kwamba yote ni mstari wa rangi ya kucha. Barabarani bado simwachi. Kwenye kioo cha kiganja anaweza kuwa mnara, kwenye Barabara ya Makadara pikipiki ya kushoto haingoji mwanga umfikie, na mjukuu humshika mkono huo kila wanapovuka. *147# aliipiga mwenyewe siku moja mbele yangu, ingawa mwanawe alikuwa ameshamwandikisha zamani. Alitaka tu aione ikiitikia.

Hazina hakurudishiwa kwa barua yangu. Alialika wenzake nyumbani, akawapikia, kisha akaomba zamu ya wiki hiyo itumwe kutoka kwenye simu yake, wao wakitazama. Wanawake kumi na mmoja kwenye mkeka, mwanawe mlangoni, mimi pembeni na kikombe cha kahawa chungu. Simu kwenye kibao, gumba lenye hina kando ya mstari mwekundu. Alikwenda pole kiasi cha watu kuanza kukohoa. Nikasikia "meli", nikaona moja inaingia, kisha mbili, kisha sufuri tatu. Akasoma jina kwa sauti, akasoma kiasi kwa sauti. Halafu kioo kikamwuliza nambari ya siri, ile mpya aliyoichagua mwenyewe wiki mbili kabla, na akainua uso.

"Geukeni huko," alisema. "Nyote."

Tukageuka. Mwanawe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutazama ukuta.